Homa kwa mwenye vali bandia au betri ya moyo: Kwa nini damu itangulie dawa

Katika mitaa ya Buyenzi, Bwiza na Kinama jijini Bujumbura, mtu anayeamka na homa na maumivu ya maungo hulitaja jina moja kabla ya mengine yote: malaria. Hakosei kulifikiria. Malaria ni miongoni mwa magonjwa yanayowafikisha watu wengi zaidi katika vituo vya afya nchini Burundi, na mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza rasmi kwamba ugonjwa huo umefikia kiwango cha mlipuko.

Lakini wapo wakazi wa jiji hili, na wa miji jirani kama Uvira ng'ambo ya mpaka, ambao homa kwao inaweza kuwa na chanzo kingine. Hao ni watu waliofanyiwa upasuaji wa moyo wakawekewa vali bandia, na wale waliopandikizwa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo. Kwao, homa inaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba bakteria wameweka makazi ndani ya moyo.

Ugonjwa huo huitwa endokaditi. Usipotibiwa huua. Hata unapotibiwa katika hospitali zenye vifaa vyote, kati ya asilimia 15 na 30 ya wagonjwa hufariki dunia wakiwa bado wamelazwa. Matumaini ya kupona hutegemea kwa kiasi kikubwa jambo linalofanyika katika siku za mwanzo: damu ya mgonjwa kuchukuliwa na kupelekwa maabara ili bakteria waoteshwe, kabla hajameza wala kuchomwa antibayotiki ya aina yoyote.

Endokaditi ni nini?

Moyo umefunikwa kwa ndani na ngozi nyororo iitwayo endokadi. Ngozi hiyohiyo ndiyo inayozifunika vali nne, yaani milango inayofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Damu inapopita juu ya ngozi iliyo salama, bakteria hawapati pa kushika. Ngozi hiyo ikijeruhiwa, au kukiwa na kitu kigeni ndani ya moyo, chembe sahani na nyuzi za damu iliyoganda hujikusanya hapo. Bakteria wanaopita katika damu hunasa katika mkusanyiko huo, huzaana, na kutengeneza vifundo laini vinavyoning'inia kwenye vali au kwenye waya wa kifaa.

Madhara yake ni ya namna tatu. Kwanza, bakteria huila vali, au hulegeza mshono unaoishikilia vali bandia, hata damu ikaanza kuvuja na moyo ukashindwa kufanya kazi. Pili, vipande vya vifundo hukatika na kusafiri na damu: vikifika kwenye ubongo husababisha kiharusi, na vikifika kwenye figo, wengu au mguu huziba mishipa ya huko. Tatu, mwili mzima huishi na maambukizi yasiyokoma, mgonjwa akikonda na kuishiwa nguvu.

Mwaka 1885 daktari William Osler alitoa mihadhara mashuhuri mjini London juu ya ugonjwa huu, akieleza jinsi ulivyojificha chini ya sura ya homa nyingine. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, karibu kila aliyeupata alikufa. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1940, penisilini ilipopatikana. Hata hivyo, tabia aliyoieleza Osler haijabadilika: endokaditi bado hujificha nyuma ya homa zinazofahamika zaidi.

Vifaa vilivyookoa maisha, na mlango vilioufungua

Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikiza Arne Larsson kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kilikuwa cha kwanza duniani kuwekwa chote ndani ya mwili wa binadamu, nacho kilifanya kazi kwa saa chache tu. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 katika maisha yake, akafariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 1960, nchini Marekani, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walifanikiwa kuwapa wagonjwa vali bandia iliyoundwa kwa kijitufe ndani ya kizimba cha chuma.

Tangu hapo vifaa hivyo vimewaongezea maisha mamilioni ya watu. Lakini chuma na plastiki havina damu inayopita ndani yake, kwa hiyo chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, haziwezi kupenya ndani ya kifaa kama zinavyopenya katika nyama. Bakteria wakikifikia kifaa, hujifunika utando mwembamba unaonata. Chini ya utando huo huzaana polepole, na dawa huwafikia kwa shida. Hii ndiyo sababu antibayotiki inayoweza kuponya jipu la mguuni kwa siku chache yaweza kutumika kwa wiki kadhaa bila kuyamaliza maambukizi ya kifaa.

Afrika Mashariki na mzigo wa baridi yabisi ya moyo

Barani Ulaya, wengi wanaowekewa vali bandia ni wazee ambao vali zao zimechakaa kwa umri. Katika Afrika Mashariki wengi wao ni vijana, na chanzo kikuu ni ugonjwa wa baridi yabisi ya moyo. Ugonjwa huu huanza utotoni kwa maumivu ya koo yaletwayo na bakteria wa jamii ya streptokoka. Koo lisipotibiwa, kinga ya mwili wa mtoto huweza kuchanganyikiwa ikashambulia viungo na moyo wake. Miaka kadhaa baadaye vali zinakuwa zimekakamaa au zinavuja, na mwenyewe hugundua pale anaposhindwa kupanda mlima au anapobeba mimba.

Utafiti wa kimataifa uitwao REMEDY uliandikisha wagonjwa 3,343 wa baridi yabisi ya moyo kati ya mwaka 2010 na 2012, katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo Rwanda, Kenya na Uganda, pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na takriban theluthi mbili walikuwa wanawake. Katika miaka miwili ya kufuatiliwa, karibu asilimia 17 walifariki dunia. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuupa ugonjwa huu uzito unaostahili.

Kwa mgonjwa wa Bujumbura, njia ya kuelekea kwenye upasuaji wa moyo kwa kawaida huvuka mpaka. Wapo wanaokwenda Hospitali ya King Faisal mjini Kigali, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda katika kilima cha Mulago, au hospitali za Nairobi na India. Tangu mwaka 2007 Kituo cha Salam mjini Khartoum, kilichojengwa na shirika la Kiitaliano la Emergency, kilitoa upasuaji bila malipo kwa wagonjwa wa nchi nyingi za Afrika, hadi vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 vilipoifanya safari ya huko kuwa ngumu.

Hivyo upasuaji hufanyika mbali, lakini maisha baada ya upasuaji huendelea nyumbani. Homa ikija miezi sita au miaka sita baadaye, daktari aliyeiweka vali yuko nchi nyingine. Wa kwanza kuisikia homa hiyo ni jirani, muuza duka la dawa au muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani, ambaye huenda hajui kwamba aliye mbele yake ana kifaa ndani ya moyo.

Vali bandia: hatari isiyokwisha

Hatari ya endokaditi kwa mwenye vali bandia ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji. Katika kipindi hicho bakteria mara nyingi ni wa jamii ya stafilokoka, ambao huishi juu ya ngozi na huweza kuingia wakati wa upasuaji wenyewe, kupitia kidonda ambacho hakijapona, au kupitia sindano na mirija ya hospitali. Baada ya mwaka hatari hupungua lakini haiondoki. Kuanzia hapo bakteria wa kinywani, hasa streptokoka wanaokaa kwenye meno na fizi, na wale wa tumboni huchukua nafasi kubwa.

Vali za chuma na vali zilizotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe zote huweza kuambukizwa. Mwenye vali ya chuma hutumia pia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, katika maisha yake yote. Homa inapomjia hukabiliwa na hatari mbili kwa pamoja: maambukizi yenyewe, na kuvurugika kwa kiwango cha wafarini kutokana na ugonjwa, kukosa chakula, au dawa nyingine anazopewa. Antibayotiki kadhaa zinazouzwa kwa wingi huongeza nguvu ya wafarini na huweza kusababisha kutokwa na damu. Hilo pekee linatosha kumfanya asitumie antibayotiki aliyojinunulia, bila kuacha wafarini kwa uamuzi wake mwenyewe.

Betri ya moyo: tazama ngozi

Betri ya moyo huwekwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, na nyaya zake hupita ndani ya mshipa hadi moyoni. Kwa hiyo maambukizi yake huchukua sura mbili.

Ya kwanza ni maambukizi ya mfuko wa ngozi ulioshikilia betri. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi ya kawaida, huvimba, huuma, hupata joto, na mara nyingine hutoa usaha. Ngozi ikichanika hata ukaonekana ukingo wa betri au waya, kifaa kizima huhesabiwa kuwa kimeambukizwa, hata kama mgonjwa hana homa na anajisikia mzima. Kumfunga bandeji au kumpa vidonge vya antibayotiki hakutoshi. Aidha, uvimbe juu ya betri haupaswi kutobolewa kwa sindano ili "kutoa maji", kwani kufanya hivyo huweza kuingiza bakteria mahali ambapo hapakuwa nao.

Sura ya pili ni maambukizi ya nyaya zilizo ndani ya mshipa na moyo. Hapa ngozi yaweza kuonekana safi kabisa. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, na kwa kuwa nyaya zipo upande wa kulia wa moyo, vipande vya vifundo husafiri hadi kwenye mapafu. Matokeo yake ni kikohozi, maumivu ya kifua na nimonia inayorudi kila baada ya wiki chache. Mtu wa namna hiyo anaweza kutibiwa nimonia mara tatu au kuchunguzwa kifua kikuu kabla ya yeyote kuikumbuka betri iliyo chini ya mtulinga wake.

Katika hospitali zenye uzoefu, maambukizi hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja hadi wawili katika kila 100. Hatari huongezeka betri inapobadilishwa baada ya kuisha, kwa wenye kisukari, wenye figo zilizodhoofika na wale waliovuja damu ndani ya mfuko wa kifaa baada ya kuwekewa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wagonjwa karibu 7,000, ulionyesha kwamba kukiviringishia kifaa mfuko wenye antibayotiki hupunguza maambukizi makubwa kwa asilimia 40. Hata hivyo bei ya mfuko huo ni ya juu, na kinga ya msingi ingali antibayotiki ya mshipa inayotolewa muda mfupi kabla ya upasuaji, mikono safi na chumba safi.

Watu wengi pia huuliza juu ya betri zilizotumika, zinazotolewa kwa marehemu katika nchi tajiri, kusafishwa na kupelekwa kwa wagonjwa wasio na uwezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wagonjwa 1,051 wa Mexico, Amerika ya Kati na Karibiani waliowekewa vifaa vya aina hiyo vilivyosafishwa kwa utaratibu maalumu nchini Canada. Baada ya miaka miwili, asilimia 2.0 walikuwa wamepata maambukizi au kufariki kwa sababu ya kifaa, ikilinganishwa na asilimia 1.2 ya wagonjwa waliowekewa vifaa vipya nchini Canada. Watafiti hawakuona tofauti yenye uzito wa kitakwimu. Usalama huo ulitokana na usafishaji wa kitaalamu na upimaji wa kila kifaa, na hauwezi kudhaniwa kuwepo pale utaratibu huo unapokosekana.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mgonjwa hospitalini

Kwa mwenye vali bandia au betri ya moyo, madaktari hushauri asisubiri zaidi ya siku moja au mbili anapoona mojawapo ya mambo haya:

- homa ya nyuzi joto 38 au zaidi isiyo na sababu iliyo wazi, au homa iliyopoa kwa dawa kisha ikarudi;
- baridi ya kutetemeka, au jasho linalolowesha mashuka usiku;
- kukonda na kukosa hamu ya chakula kwa wiki kadhaa;
- kukosa pumzi, miguu kuvimba, au kushindwa kulala chali;
- vidoa vidogo vyekundu chini ya kucha, viganjani, kwenye nyayo au ndani ya kope;
- mabadiliko yoyote ya ngozi iliyo juu ya betri.

Mkono au mguu uliolegea ghafla, mdomo uliopinda au maneno yasiyotamkika ni dharura ya saa ileile. Vivyo hivyo kuzimia, au mapigo ya moyo kushuka sana kwa mwenye betri.

Kwa nini damu itangulie dawa

Endokaditi haitambuliwi kwa tone la damu la kidoleni. Madaktari huchukua damu kutoka kwenye mshipa, kwa kawaida mara tatu na kwa kuchoma mahali tofauti, na kuiweka katika chupa maalumu zenye lishe ya bakteria. Chupa hizo hutunzwa katika joto la mwili. Bakteria wakiwemo, wengi wao huota ndani ya siku moja hadi tano. Maabara ikishawatambua, huwajaribu kwa dawa mbalimbali ili kujua ipi inawaua.

Dozi chache tu za antibayotiki zinaweza kuharibu kazi hiyo. Dawa hupunguza bakteria walio katika damu kiasi kwamba hawaoti kwenye chupa, ilhali walio chini ya utando wa kifaa wangali hai. Homa hushuka kwa siku chache, familia hufurahi, kisha homa hurudi. Safari hii maabara haioni kitu, na daktari analazimika kuchagua dawa kwa kukisia, kwa matibabu ya wiki sita, dhidi ya adui asiyemjua jina.

Katika jiji ambalo amoksilini hupatikana kwa urahisi, kosa hili ni jepesi kutendeka, na hutendeka kwa nia njema. Anayemnunulia mama yake mgonjwa vidonge karibu na soko la Ruvumera anataka apone. Anachohitaji kujua ni kwamba kwa mgonjwa huyu mahususi, vidonge hivyo vinaweza kuifuta alama pekee ambayo daktari angeifuata.

Yapo mambo matatu ya kuongeza. La kwanza linahusu malaria: mgonjwa huyu apimwe malaria kama wengine, na akikutwa nayo atibiwe. Lakini katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kuwa na vimelea katika damu bila vimelea hivyo kuwa sababu ya homa yake. Kipimo cha malaria kinachoonyesha vimelea hakiondoi uwezekano wa endokaditi, na dawa za malaria peke yake hazizuii bakteria kuota kwenye chupa. Homa isiyotulia siku tatu baada ya kuanza dawa ya malaria yafaa imrudishe hospitalini.

La pili, kama antibayotiki imekwisha kutumika, isifichwe. Pakiti ipelekwe kwa daktari, na siku ya dozi ya kwanza itajwe, kwa sababu zipo njia nyingine za uchunguzi.

La tatu, mgonjwa aliye mahututi hapaswi kuachwa bila dawa kwa kisingizio cha kusubiri maabara. Kuchukua damu huhitaji dakika chache, na baada ya hapo matibabu huanza mara moja.

Pamoja na damu, daktari huangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Kipimo cha juu ya kifua kikionyesha picha safi hakitoshi kila mara kwa mwenye vali bandia, kwani chuma huweza kukificha kifundo. Ndiyo maana wataalamu hutumia pia kipimo kinachopitishwa kooni hadi nyuma ya moyo, pale kinapopatikana.

Matibabu

Endokaditi hutibiwa kwa antibayotiki za kupitishwa kwenye mshipa, mara nyingi mbili au zaidi kwa pamoja. Kwa vali ya asili matibabu huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita, na kwa vali bandia ni wiki sita au zaidi. Karibu nusu ya wagonjwa wote wa endokaditi huhitaji upasuaji, ama kwa sababu vali imeharibika, ama bakteria hawazimiki, ama vifundo ni vikubwa na vinatishia kukatika.

Kwa betri iliyoambukizwa, miongozo ya kimataifa inakubaliana kwamba kifaa chote kitolewe, betri pamoja na nyaya zake. Antibayotiki pekee hutuliza tu. Kuvuta nyaya zilizokaa miaka mingi ndani ya mshipa ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vyake, kwa sababu nyaya hushikamana na ukuta wa mshipa na moyo. Betri mpya, ikihitajika, huwekwa upande wa pili wa kifua baada ya damu kuthibitishwa kuwa safi.

Kwa familia nyingi, habari hiyo ina maana ya safari ya pili nje ya nchi na gharama nyingine. Ndiyo sababu kugundua mapema, wakati dawa bado zinaweza kutosha kwa mwenye vali bandia, kuna thamani kubwa zaidi Bujumbura kuliko katika jiji ambalo chumba cha upasuaji wa moyo kiko mtaa wa pili.

Kinga huanzia kinywani

Kila mtu mwenye fizi zilizovimba huingiza bakteria kidogo katika damu anapotafuna au anapopiga mswaki. Kwa mwenye vali bandia, usafi wa kinywa wa kila siku ni kinga kubwa kuliko kidonge chochote. Inashauriwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi na kumwona daktari wa meno mara kwa mara bila kusubiri maumivu. Anayetumia mswaki wa mti autumie kwa upole, na ncha iliyochakaa ikatwe ili isichane fizi.

Kabla ya kung'olewa jino au kutibiwa fizi, mwenye vali bandia, au aliyewahi kuugua endokaditi, hupewa dozi moja ya antibayotiki. Kwa mtu mzima asiye na mzio, hiyo ni gramu mbili za amoksilini, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi kuanza. Mwenye mzio wa penisilini hupewa dawa nyingine. Anayechomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa ajili ya baridi yabisi amjulishe daktari, kwani huenda bakteria wa kinywa chake wameizoea dawa hiyo. Mwenye betri ya moyo pekee, asiye na vali bandia, hahitaji dozi hiyo kwa ajili ya meno: bakteria wanaoiambukiza betri kwa kawaida hutoka kwenye ngozi.

Ngozi nayo ihifadhiwe. Kuchanja chale, kukata kimeo, kupiga chuku na kutoboa mwili kwa vyombo visivyochemshwa huwafungulia bakteria mlango, na kwa anayetumia wafarini huongeza hatari ya kutokwa damu isiyokoma. Jipu au kidonda chenye usaha kitibiwe kituoni mapema.

Kinga ya mbali zaidi ni kuzuia vali zisiharibike hata zikahitaji kubadilishwa. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwahusisha watoto na vijana 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuonyesha dalili za baridi yabisi bila wao kuhisi ugonjwa. Katika miaka miwili, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini kila wiki nne, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wale ambao hawakuchomwa.

Kadi, na maneno matatu ya kukumbuka

Kila aliyewekewa vali au betri hupewa kadi yenye aina ya kifaa, tarehe na jina la hospitali. Kadi hiyo yafaa kubebwa popote, na picha yake kuhifadhiwa katika simu za watu wawili wa familia. Mara nyingi kadi iliyotoka Dar es Salaam au India huwa imeandikwa kwa Kiingereza, daktari wa Bujumbura huandika kwa Kifaransa, na mgonjwa hujieleza kwa Kiswahili au Kirundi. Habari muhimu huweza kupotea njiani.

Kwa hiyo yafaa familia ijue maneno matatu ya Kifaransa: vali bandia ni "prothèse valvulaire", betri ya moyo ni "pacemaker", na kuotesha bakteria wa damu ni "hémoculture". Anayempeleka mgonjwa kituoni aanze kwa kusema kwamba mtu huyu ana kifaa ndani ya moyo, aonyeshe kadi, aeleze homa ilianza siku gani na dawa zipi zimetumika, kisha aulize kwa heshima kama damu ya kuotesha inaweza kuchukuliwa kabla ya antibayotiki. Kituo kisipokuwa na uwezo huo, aombe mgonjwa apelekwe hospitali kubwa yenye maabara ya bakteria siku hiyohiyo.